Sangara Kafika Lambo Gani? Mwongozo wa kufuatilia samaki mgeni, kuanzia Buzwagi hadi Geita

Sangara anayeuzwa Kahama mjini hakuvuliwa Kahama. Amekuja na barafu kutoka Mwanza au Geita, ameshushwa asubuhi, na kufikia saa saba mchana ameshakuwa mchuzi huko Mwendakulima, jirani na mgodi wa Buzwagi. Mtu akipiga picha ya kichwa chake na kuandika "sangara, Buzwagi", tayari ameharibu ramani. Mwakani mtu mwingine ataikuta rekodi hiyo na kutangaza kwamba sangara ameenea hadi kwenye malambo ya Shinyanga.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kujua samaki wageni wamefika wapi katika ukanda huu wa dhahabu: mwalimu na klabu yake ya mazingira, mvuvi wa ndoano, afisa uvuvi wa kata, mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi. Kanuni inayotawala hatua zote ni moja. Rekodi inahusu maji kwanza, samaki baadaye. Kila samaki atajwe pamoja na maji aliyotolewa, na kila maji uliyoyachunguza yaandikwe, hata kama umetoka mikono mitupu.

Vifaa vya kuanzia

- Simu yenye kamera na GPS
- Daftari la jalada gumu na penseli (wino huyeyuka ukilowa)
- Rula ya sentimita 30 na kipimo cha utepe kwa samaki wakubwa
- Ubao au sinia jeupe la kumlazia samaki
- Mizani ndogo ya kuning'iniza
- Vichupa vyenye mfuniko na spiriti kali ya maabara, kama utachukua sampuli za vinasaba
- Gumbuti. Kichocho kipo Kanda ya Ziwa, kwa hiyo usiingie majini miguu mitupu

## Hatua ya 1: Mjue mgeni na kwao

Kabla ya kumwita samaki mgeni, jua kwao ni wapi. Kwa asili, sangara (Lates niloticus) ni wa Mto Nile, maziwa ya Albert na Turkana, na mito mikubwa ya Afrika Magharibi. Maporomoko ya Murchison nchini Uganda yalimzuia asipande kwenda Kyoga na Victoria. Binadamu ndiye aliyemvusha. Katikati ya miaka ya 1950 aliwekwa Kyoga, na inaaminika kuwa mwaka 1954 wengine waliachiwa kimyakimya Ziwa Victoria karibu na Jinja. Mwaka 1960 alivuliwa huko Jinja. Mwaka 1962 na 1963 akaachiwa rasmi, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Waliomleta walitaka mambo mawili: furu wadogo wenye miiba wageuzwe kuwa samaki mkubwa mwenye nyama, na wavuvi wa michezo wapate samaki wa kupambana naye. Hilo la pili bado lipo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, wageni hulipa ili wavue sangara kwa ndoano na kumrudisha majini.

Baada ya kuachiwa, kwa karibu miaka ishirini alikuwa haba. Wingi wake ulilipuka kwanza Ghuba ya Nyanza nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ukafuata upande wa Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 ukafika Ghuba ya Mwanza. Furu, waliokuwa na aina zaidi ya 500 ziwani, wakaporomoka. Tunajua hivyo kwa uhakika kwa sababu watafiti wa timu ya HEST ya Chuo Kikuu cha Leiden, pamoja na wenzao wa Tanzania, walikuwa wakihesabu furu katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, sangara akiwa bado adimu pale. Hesabu ya kabla ndiyo iliyofanya hesabu ya baada iwe na maana.

Mgeni wa pili wa kumfuatilia, ambaye katika malambo ya Kahama na Shinyanga ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi, ni sato (Oreochromis niloticus). Naye aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ngege wa asili (Oreochromis esculentus) na ndugu yake Oreochromis variabilis wakapungua mno ziwani, na leo ngege hupatikana zaidi katika maziwa madogo na mabwawa. Sangara anahitaji maji yenye hewa nyingi, kwa hiyo lambo la tope lililojaa majani humshinda. Sato huvumilia. Basi taarifa ya sangara lamboni idai ushahidi mkubwa. Taarifa ya sato lamboni ni jambo la kutarajia, ila bado ithibitishwe.

## Hatua ya 2: Chora mabonde kabla ya wilaya

Samaki hajui mpaka wa halmashauri. Anafuata maji. Hapo ndipo Kahama inapokuwa mahali pa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa eneo hili lipo karibu na migongo inayogawa maji ya mabonde matatu:

- Bonde la Ziwa Victoria, ambalo hupokea mito kama Isanga. Ofisi ya bodi yake ya maji ipo Mwanza.
- Bonde la Ziwa Tanganyika, kupitia Igombe, Muyovozi na Malagarasi. Ofisi ipo Kigoma.
- Bonde la Kati, kupitia Manonga na Wembere kuelekea Kitangiri na Eyasi. Maji haya hayafiki baharini. Ofisi ipo Singida.

Chukua ramani yenye mito, tafuta kila lambo unalolijua, kisha uliza: likifurika, maji yake yanakwenda wapi? Fuata mkondo hadi uone mto wenye jina. Lipe kila lambo herufi ya bonde lake: V, T au K. Usipokuwa na hakika, nenda wakati wa mvua ukaangalie kwa macho, au muulize mfugaji anayepitisha ng'ombe pale. Yeye anajua maji yanapokatisha njia.

Kwa nini tusumbuke hivyo? Sato akimwagwa kwenye lambo la upande wa V, anakwenda kuungana na wenzake ambao wameshajaa Victoria. Akimwagwa upande wa T, mafuriko yanaweza kumtelemsha hadi ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Huko kuna ndugu zake wa asili, akiwemo Oreochromis karomo, na sato ana tabia ya kuzaliana na ndugu zake mpaka damu ikachanganyika. Malambo mawili yanaweza kuwa jirani na bado uzito wa taarifa zake ukatofautiana sana.

## Hatua ya 3: Orodhesha maji, kisha omba ruhusa

Andika kila maji ya kudumu au ya msimu katika eneo ulilochagua: malambo ya vijiji, mabwawa ya maji ya kunywa kama Ning'hwa kule Shinyanga, mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya migodi kama Songwa kule Mwadui, mabwawa ya wafugaji wa samaki, majaruba ya mpunga, mashimo ya kokoto yaliyojaa mvua, na mito ya msimu. Anza na eneo dogo. Kata moja iliyokamilika ina faida kuliko mkoa mzima uliorukwarukwa.

Ruhusa zifuate mpangilio huu:

1. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa lambo la jamii.
2. Mwenye bwawa, kwa bwawa la mtu binafsi.
3. Afisa uvuvi wa halmashauri, kwa leseni na kibali cha kutega nyavu. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni za 2009. Kokoro, sumu na baruti ni marufuku, hata ukisema unafanya utafiti.
4. Mwenye dhamana ya eneo, kwa ardhi ya mgodi.

Hili la nne lisipuuzwe. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021, lakini kufungwa hakuufanyi uwe mali ya kila mpita njia. Shimo la mgodi lina kingo zinazoweza kuporomoka. Mabwawa ya topesumu, ya migodi mikubwa na ya wachimbaji wadogo wanaochenjua marudio (mabaki ya mawe ya dhahabu) kwa sayanaidi, hayaguswi kabisa. Usichote humo maji wala usivue humo samaki.

## Hatua ya 4: Uliza wenyeji bila kuwalisha jibu

Mvuvi wa lambo ana kumbukumbu kuliko daftari lolote, lakini swali baya huiharibu. Ukimuuliza mzee, "Humu kuna sangara, siyo?", atakujibu ndiyo kwa heshima ya mgeni. Anza kwa salamu, "mwangaluka" asubuhi au "shikamoo mzee", ukae, useme umekuja kujifunza. Kisha:

- Mwoneshe picha saba zilizochanganywa: kambare, kamongo, ngege, sato, furu, sangara, na mmoja wa baharini ambaye hawezi kuwepo. Mwambie ataje anaowajua na wanakopatikana. Akimchagua wa baharini, pokea majibu yake mengine kwa tahadhari.
- Uliza majina ya hapo. Andika jina kama lilivyotamkwa, usilisahihishe.
- Tafuta mwaka kwa kutumia matukio: kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Kabla ya mgodi wa Buzwagi kuanza 2009? Kabla ya maji ya bomba la Ziwa Victoria kufika Kahama? Mwaka wa korona?
- Uliza nani alileta vifaranga, lini, na kwa chombo gani. Usiulize kwa sauti ya polisi. Mara nyingi aliyeleta alitaka watoto wa kijiji wapate kitoweo.
- Waulize na akina mama wanaochota maji au kuuza samaki. Wao huona samaki wadogo ambao mvuvi huwatupa.

Majina yana mtego mmoja wa kuangalia. Ziwa Tanganyika lina samaki wake wa asili wa ukoo wa Lates, na Kigoma baadhi yao huitwa sangala. Mtu aliyekulia Kigoma akikuambia amemwona sangala Malagarasi, mwombe picha kabla hujaandika chochote.

## Hatua ya 5: Mtambue kwa alama, usiridhike na jina

Mlaze samaki ubaoni, kichwa kikielekea kushoto, rula chini yake, mapezi yakiwa yamenyooshwa. Piga picha nne: mwili mzima, kichwa kwa karibu, mkia uliotandazwa, na mandhari ya maji aliyotolewa. Picha ya mwisho ndiyo inayomtenganisha samaki wa lambo na samaki wa soko.

Sangara: mwili wa rangi ya fedha, paji la uso limebonyea kidogo juu ya jicho, pezi la mgongoni lina sehemu mbili, ya mbele ikiwa na miiba mikali, mkia umeviringa, jicho jeusi lina mng'ao wa njano. Mdogo ana mabaka ya kahawia, na wengi humfananisha na samaki mwingine.

Sato: mkia una mistari wima myembamba iliyo wazi kuanzia shinani hadi ukingoni. Hii ndiyo alama ya kwanza kuitazama, na ndiyo maana mkia upigwe picha ukiwa umetandazwa.

Ngege wa asili: mkia hauna mistari hiyo ya wazi, na kichwa ni kidogo kwa kulinganisha na mwili.

Oreochromis leucostictus, mgeni mwingine wa jamii hii: mwili mweusi wenye madoa meupe mwilini na kwenye mapezi.

Ukipata samaki mwenye alama za sato na za ngege kwa pamoja, huenda ni chotara. Usilazimishe jina. Kata kipande cha pezi cha sentimita moja, kiweke kwenye spiriti, andika namba kwenye chupa na kwenye daftari, kisha uwaachie wataalamu wa vinasaba.

## Hatua ya 6: Tega, na upime juhudi yako

Njia halali na za bei nafuu ni ndoano, migono, na nyavu za makila kwa kibali. Ndoano inafaa kwa sangara na kambare. Migono na nyavu hupata sato zaidi. Tega jioni, tegua alfajiri, na usiache wavu bila mtu, kwa ajili ya ng'ombe wanaokuja kunywa na kwa ajili ya wezi. Penye viboko au mamba, acha.

Andika juhudi: nyavu ngapi, matundu ya inchi ngapi, usiku ngapi, au ndoano ngapi kwa saa ngapi. Bila juhudi, "sato 4" haina maana. Sato 4 kwa wavu mmoja usiku mmoja ni bwawa tofauti kabisa na sato 4 kwa nyavu tano wiki nzima.

Juhudi ndiyo pia inayoipa nguvu rekodi ya "sikupata". Tuchukue mfano. Tuseme kila unapotega, una nafasi 3 kati ya 10 za kumnasa sato aliyepo. Ukitega mara moja tu, utamkosa mara 7 kati ya 10 ingawa yupo. Ukitega mara tatu, nafasi ya kumkosa inashuka hadi kama 34 katika 100. Mara tano, 17. Mara nane, karibu 6. Kwa hiyo usiandike "hakuna sato" baada ya usiku mmoja. Andika "sikupata sato, nyavu 2, mara 1", kisha urudi.

Penye uwezo zaidi kuna njia ya kutafuta vinasaba vilivyomwagika majini. Samaki huacha magamba, ute na kinyesi. Maji huchujwa kwa chujio laini, na chujio hupelekwa maabara. Njia hii inafaa kwa bwawa lisiloruhusu nyavu, lakini ina hatari zake hapa kwetu: ndoo iliyobeba sangara wa soko jana inaweza kuacha vinasaba vyake leo. Tumia chombo kipya, na uchukue sampuli moja ya maji safi ya kujipima.

## Hatua ya 7: Jaza rekodi papo hapo

Usingoje kufika nyumbani. Huu hapa ni mfano wa kubuni wa rekodi iliyokamilika:

> Namba: KH-014
> Tarehe na saa: 12 Septemba, saa 1 asubuhi
> Maji: lambo la kijiji, bonde T
> Mahali: GPS ya ukingo wa maji
> Njia na juhudi: nyavu 2 za inchi 3, usiku 1
> Samaki: sato 5, kambare 2, kamongo 1
> Urefu wa kila sato: sm 9, 11, 11, 17, 22
> Ushahidi: picha 9, pezi 1 kwenye spiriti
> Hali ya maji: kina kifupi, rangi ya maziwa, majani pembeni
> Aliyetoa samaki: mimi mwenyewe, mbele ya mlinzi wa lambo

Kagua namba za GPS kabla hujaondoka. Kwa eneo la Kahama, latitudo huanza na -3 na longitudo na 32. Alama ya kutoa ikisahaulika, lambo lako litahamia kaskazini ya ikweta.

Samaki uliyemwona sokoni anaweza kuandikwa pia, ila kwenye ukurasa wake: "soko, chanzo kinasemekana kuwa...". Ukurasa huo hauingii kwenye ramani. Kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) na samaki wa kukaangwa husafiri mbali zaidi kuliko samaki yeyote anayeogelea.

## Hatua ya 8: Amua hadhi yake

Kumwona mgeni mmoja hakumaanishi kwamba ameenea. Nchini Marekani, idara ya utafiti wa jiolojia huendesha kumbukumbu ya viumbe wa majini walio nje ya makazi yao ya asili, na kila rekodi hupewa hadhi, kwa mfano kwamba samaki alikusanywa tu, amejijenga, au ameshindwa. Nasi hapa tunaweza kutumia ngazi nne:

1. Ametajwa: tuna maneno ya mtu tu.
2. Ameonekana: tuna picha au samaki, na maji yake yanajulikana.
3. Anazaliana: tuna ushahidi wa kizazi kilichozaliwa humo.
4. Ametoweka: alithibitishwa zamani, na juhudi ya kutosha kwa misimu miwili haikumpata.

Ngazi ya tatu ina mtego. Kuona sato wadogo hakutoshi, kwa sababu huenda ni vifaranga vilivyomwagwa mwezi uliopita. Tafuta jike lenye mayai au watoto kinywani, kwani sato huyaatamia mayai yake mdomoni. Au tafuta samaki wa rika tatu na zaidi katika lambo ambalo halijapokea vifaranga kwa mwaka mzima. Urefu uliouandika katika hatua ya 7 ndio unaokuonesha rika. Kwa sangara dai zaidi, maana mmoja mkubwa katika bwawa anaweza kuwa aliletwa na mtu na hatapata mwenza.

## Hatua ya 9: Tafuta njia aliyopitia

Panga uwezekano mmoja mmoja, kisha uondoe usiowezekana.

Kwa miguu yake? Kambare huweza kujiburura kwenye nyasi zenye unyevu, na kamongo hujifukia kwenye tope hadi mvua irudi. Hao wakitokea kwenye lambo la peke yake, si lazima kuwe na mkono wa mtu. Sangara na sato hawawezi hayo.

Kwa bomba? Wapo wanaosema samaki wa Kahama walikuja na maji ya KASHWASA, mamlaka inayoleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga. Maji hayo huchukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, hutibiwa, kisha husukumwa kwenye matangi. Samaki hai hapiti humo. Mabomba ya migodini yanayovuta maji ghafi kutoka ziwani ni jambo jingine, na kila moja liulizwe kivyake.

Kwa ndege? Wengi husema ndege alibeba mayai miguuni. Kwa sato maelezo hayo ni dhaifu, kwa kuwa mayai yake yapo kinywani mwa mama.

Kwa mafuriko? Tazama ramani ya hatua ya 2. Je, kuna bwawa la kufugia juu ya mkondo?

Kwa ndoo? Hii ndiyo njia ya kawaida. Uliza vifaranga vilinunuliwa wapi: kituo cha serikali kama Mwamapuli kule Igunga au Nyamirembe kule Chato, kwa mfugaji binafsi, au vilichotwa ziwani? Chanzo kikijulikana, unaweza kukisia na wageni wengine waliokuja ndani ya ndoo hiyo hiyo.

Wakati mwingine utabaki na njia mbili zisizoondoka. Ziandike zote mbili.

## Hatua ya 10: Chora ramani, toa taarifa, usiguse bwawa

Ingiza rekodi kwenye jedwali la kompyuta, kisha kwenye programu ya ramani kama QGIS, ambayo ni ya bure. Tumia rangi kwa hadhi na umbo kwa bonde. Weka duara tupu kwa kila maji uliyochunguza bila kumpata mgeni. Ramani yenye nukta za samaki peke yake inaonesha mahali watafiti walikopita. Duara tupu ndilo linaloonesha mgeni anakoishia.

Usichore mishale ya "alisambaa kutoka hapa kwenda pale" kwa kufuata tarehe za kuonekana kwake. Sangara aliishi Victoria miaka mingi kabla ya wavuvi wa Mwanza kumwona kila siku. Tarehe yako ni ya kugunduliwa, na kufika kwake kunaweza kuwa kulitangulia sana.

Taarifa ya ngazi ya 2 na 3 mpelekee afisa uvuvi wa halmashauri, na nakala kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Mwanza. Ikiwa lambo lina herufi T, peleka nakala na kituo cha TAFIRI Kigoma. Picha unaweza pia kuziweka iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi nyingine husaidia utambuzi. Ukiweka huko, ficha mahali halisi pa ngege wa asili aliye adimu, asije akafuatwa na walanguzi.

Usijaribu kumwangamiza mgeni kwa sumu au kwa kukausha lambo. Hayo ni maji ya kunywa ya ng'ombe na watu. Usihamishe samaki hai kutoka bwawa moja kwenda jingine hata kwa nia ya kumpeleka maabara. Na usimwaibishe aliyeleta vifaranga. Ukimgeuza mtuhumiwa, mwenzake wa kijiji cha pili hatakuambia kitu.

## Kalenda ya mwaka mmoja

Juni na Julai. Maji yanaanza kupungua. Fanya ramani ya mabonde, orodha ya malambo na vibali.

Agosti hadi Oktoba. Huu ndio msimu wa kutega. Malambo yamesinyaa, samaki wamekusanyika, na vijiji vingine huvua kwa pamoja kabla maji hayajakauka. Omba uwepo siku hiyo na rula yako. Kwa asubuhi moja utapima samaki wengi kuliko kwa nyavu zako mwezi mzima.

Novemba hadi Januari. Mvua imeanza. Acha nyavu, tazama mikondo: lambo gani limefurika kuelekea wapi? Rekebisha herufi za V, T na K.

Februari hadi Aprili. Pita kwenye majaruba na mifereji kutafuta samaki wadogo waliotoka malamboni.

Mei. Funga jedwali, toa taarifa, warudishie wanakijiji majibu kwenye mkutano wao. Kisha chagua malambo matatu yenye duara tupu, yote ya upande wa T na yote yakiwa karibu na bwawa la kufugia samaki. Hayo ndiyo utakayoanza nayo msimu ujao, kwa sababu mgeni akivuka mgongo wa maji, hapo ndipo atakapoonekana kwanza.